Bura Mbili

Nchi ya Kenya ina Bura zaidi ya moja. Yetu iko Taita, magharibi ya Voi, ambako wamisionari Wakatoliki walijenga misheni mwaka 1892. Nyingine iko kando ya Mto Tana. Barua iliyoandikwa "Bura" tu yaweza kupotea, ingawa jina ni sahihi.

Faili katika kompyuta lina tabia iyo hiyo. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Marekani walianza kuunda Unix, mfumo uliopanga mafaili katika folda ndani ya folda, na kutenga hatua za njia kwa mkwaju: Kenya/Taita/Bura. Humo, "Bura" na "bura" ni majina mawili. Mwaka 1983 mfumo wa Microsoft, MS-DOS 2.0, ulipopata folda, ulitumia mkwaju ulioinama upande mwingine, kwani ule wa kwanza ulikwisha kupewa kazi. Wala haukubagua herufi kubwa na ndogo. Ndiyo maana programu itiiyo mashine moja huweza kukwama katika nyingine.

Basi, mwanafunzi, ukiambiwa faili halipo, usikimbilie kuandika kazi yako upya. Soma njia hatua kwa hatua, na jina herufi kwa herufi. Mara nyingi faili li salama; kilichokosewa ni anwani.