Timu ya Taifa ya Zanzibar na Suala la Kiti Chake

Kombe la Gossage, lenye jina la mtengeneza sabuni wa Kiingereza, lilianza kushindaniwa mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda tu. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata mwaka 1949. Yafaa kuitazama hali ya nchi hizo nne zilipokutana uwanjani. Kenya ilikuwa koloni. Uganda na Zanzibar zilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, Zanzibar ikiwa na Sultani wake. Na Tanganyika ilikuwa amana ya Umoja wa Mataifa mikononi mwa Mwingereza. Hapakuwa na hata moja iliyojitawala, na hilo halikuizuia yoyote kuwa na timu yake.

Kujitawala ndiko kulikoleta mashaka. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na mbele ya FIFA zikawa nchi moja yenye chama kimoja. Lakini katika Katiba michezo haimo kwenye orodha ya Mambo ya Muungano. Kwa hiyo Visiwani pana chama chao, ligi yao na timu yao. Watetezi wa Zanzibar huzitaja Scotland na Wales, ambazo si dola lakini zina viti, nao hujibiwa kwamba vyama vya Uingereza vilitengewa idhini mahsusi. Jibu hilo ni sahihi kwa kanuni. Kwa mwenye kudai haki halitoshi.

Uwanja uliobaki ni ule wa Afrika Mashariki na Kati, ambako Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji mwaka 1995 huko Uganda. Machi 2017, mjini Addis Ababa, ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Furaha hiyo ilidumu miezi minne tu. Julai mwaka uo huo, mjini Rabat, uanachama ulifutwa kwa hoja ya kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, kana kwamba Muungano ulikuwa haujulikani mwezi Machi.

Desemba iliyofuata, katika mashindano ya Chalenji nchini Kenya, vijana wa Visiwani waliifunga Tanzania Bara mabao 2–1, kisha wakawatoa Uganda, waliokuwa mabingwa, kwa idadi ile ile. Katika fainali huko Machakos walisawazisha mara mbili dhidi ya wenyeji, wakashindwa kwa penalti 3–2.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, Pemba, na timu za taifa badala ya klabu. Zanzibar ilichukua kombe kwa kuifunga Burkina Faso 2–1. Burkina Faso ina nafasi yake katika orodha ya FIFA ya ubora wa timu, aliyeifunga hamo.