Tarehe ya Nyumba ya Mwembesongo

Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia, wingu likashika kilele cha Lupanga tangu alasiri hadi magharibi, sisi ndugu wa tumbo moja, ambao zamani tulikuwa sita na leo tumesalia watatu, hukusanyika katika nyumba ya marehemu mama yetu huko Mwembesongo, mjini Morogoro, tukapeana habari za jamaa, nani kajifungua na nani kaposa, nani yu mgonjwa na nani ametangulia mbele ya haki. Na asubuhi yake hupanda mlimani, upande wa Matombo, kuzuru makaburi ya wazee wetu. Desturi hii aliianza mjomba wetu, kaka yake mama, naye aliichagua vuli kwa sababu mbili: kwanza, alikuwa Mkatoliki, na Wakatoliki huwakumbuka marehemu wao wote tarehe 2 Novemba, pili, alikuwa mkulima, akijua kwamba mvua ya kwanza ikishanyesha kila mtu wa mlimani yuko shambani kwake akipanda, na anayemtafuta jamaa yake atampata.

Mwenye daftari la majina ya jamaa ni dada yetu mkubwa. Ni daftari la shule, lililovikwa karatasi ya kaki na kushonwa mgongoni kwa uzi mweusi, na ukurasa wake wa kwanza umeandikwa kwa mkono wa mjomba, kwa wino ambao sasa umegeuka rangi ya kutu, herufi zimelala upande mmoja kama walivyofundishwa vijana wa misheni wa siku zile. Tukisha kula, vyombo vikaondolewa, dada huvaa miwani, hulifungua, husema Bismillahi, akasoma majina tangu la juu hadi la chini. Na kila jina likitajwa sisi wawili huitikia, kwa marehemu kumwombea rehema, na kwa aliye hai kutaja alipo na hali aliyo nayo. Mtoto aliyezaliwa tangu vuli iliyopita huandikwa usiku huo huo, jina lake, la mama yake, na siku aliyozaliwa.

Msomaji asiye wa huku huenda akastaajabu kwamba tarehe ya nyumba yetu yaanza kwa mjomba, wala si kwa baba. Waluguru, ambao jina lao latokana na lugulu, yaani mlima, huhesabu nasaba kwa upande wa mama: mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, lwa mama yake, ardhi ya ukoo hupita katika mlolongo huo, na mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada ni mjomba. Baba yetu, mtu wa pwani na Mwislamu, aliyekuja Morogoro kwa kazi ya reli, alipomwoa mama alikubali ada hii kwa moyo mweupe. Sisi tukasoma chuo na kushika dini yake, ilhali kwa ardhi na kwa makaburi tukabaki watu wa mlimani. Sikupata kumsikia mjomba na baba wakigombana kwa jambo hili hata siku moja, nami naliona kuwa ni katika fadhila kubwa za watu wale wawili.

Wala si sisi tu ambao habari zetu zimepita mikononi mwa mwanamke. Mji wenyewe wa Morogoro ni hivyo. Mjerumani hajafika bado, karibu na mto wa Ngerengere palikuwa na mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo, mtu shujaa na mwenye kuogopwa, ukaitwa Simbamwene. Msafiri Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikuta ukuta wa mawe wenye minara minne, na milango ya mbao iliyotiwa nakshi kama ile ya pwani, na mwenye enzi wakati huo alikuwa binti wa Kisabengo, ambaye naye alimdai msafiri huyo hongo kama alivyodai mtawala ye yote mwenye njia yake. Mwaka 1872 mafuriko makubwa yaliubomoa ukuta ule upande mmoja. Mama alikuwa akitusimulia habari za binti huyo tukiwa watoto, akimaliza husema, "Nanyi msidharau nyumba iliyoshikwa na mwanamke," kisha huinuka akaenda kutazama chungu chake jikoni.

Jina la juu kabisa katika daftari ni la bibi yetu, mama yake mama, na mbele ya jina lake mjomba aliacha nafasi tupu, kwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa po pote. Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, bali kwa mambo makuu yaliyotokea, na bibi aliacha maneno mawili. La kwanza alimwambia dada, kwamba gari moshi lilipofika Morogoro mara ya kwanza, watu wa mlimani waliteremka makundi kwa makundi kulitazama, naye alikuwa mgongoni mwa mama yake. La pili alimwambia mdogo wetu, kitinda mimba, miaka michache kabla ya kufa kwake: kwamba Waingereza walipowafukuza Wajerumani, mizinga ikasikika milimani, yeye alikuwa mwali, yu ndani, hajatolewa bado. Na kutoa mwali kwa Waluguru hakukuwa jambo la siku moja. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akifunzwa na makungwi, wakati mwingine miaka, na siku ya kutoka ilikuwa na ngoma na heshima ya mti wa mkole.

Sasa, reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwezi wa Disemba 1907, na majeshi ya Waingereza yaliingia mjini tarehe 26 Agosti 1916, jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akirudi nyuma kuelekea Kisaki. Mtoto wa mgongoni mwaka 1907 hawezi kuwa amezaliwa kabla ya 1904. Basi mwaka 1916 hakuzidi miaka kumi na miwili, umri mdogo kwa mwali. Vuli iliyopita jambo hili lilitupotezea usiku mzima.

"Dada, niwie radhi, hesabu haikubali," alisema mdogo wetu.

"Hesabu ni yako, mdogo wangu," dada akamjibu; "maneno ni ya bibi."

Mimi niliyekaa katikati yao naona kwamba dada alisema kweli. Bibi alikuwako mgongoni, na bibi alikuwako ndani. Kama miaka yetu haitoshi kuyachukua mambo hayo mawili, upungufu u katika miaka. Hatimaye tuliyaandika yote, kila neno na jina la aliyelipokea, ile nafasi tupu tukaiacha kama alivyoiacha mjomba.

Mjomba mwenyewe hana mashaka ya tarehe. Alisoma katika misheni ya Matombo, akaandikwa askari wa Keya katika vita kuu ya pili, akafika Burma, na mwaka 1946 alirudi na kofia, blanketi la kijivu, na fedha kidogo, ambazo nusu yake aliinunulia ng'ombe na nusu aliijengea nyumba hii ya Mwembesongo, miti na udongo, ili dada yake apate mahali pa kufikia anapoteremka sokoni na ndizi na magimbi. Ndiye aliyekuwa akitusomea gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923, na nadhani kutoka humo alipata wazo la daftari. Maana gazeti lile lilikusanya habari za miji na vijiji vya Tanganyika, naye akaona kwamba nyumba nayo yaweza kuwa na habari zake. Watu husema barua za jamaa ni mambo madogo. Walakini Shaaban Robert, pamoja na kazi zote alizokuwa nazo, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu mwaka 1931 hadi 1958, na barua hizo zilipochapishwa mwaka 2002 zikawa ni katika njia bora za kumjua mtu yule alivyokuwa. Ugonjwa, fedha, watoto, vitabu, yote yamo.

Mwaka 1955 una mistari mingi kuliko mwaka mwingine wo wote katika daftari. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imewalazimisha watu wa mlimani kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na maji. Nia huenda ilikuwa njema, ila udongo wa Uluguru wenye rutuba ni mwembamba, na jembe lililochimba ngazi liliuzika chini na kuutoa juu udongo mfu, mazao yakapungua, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Mwezi wa Julai watu walikusanyika Matombo kukataa, polisi wakafyatua risasi, na damu ikamwagika. Baada ya hapo amri ya matuta iliondolewa. Mjomba ameandika kwa maneno machache: siku, mahali, na kwamba bibi alibaki shambani kwake muda wote, akiyasawazisha matuta kwa jembe la mkono, bila kusema na mtu. Mwaka mmoja tu nyuma, katika Julai ya 1954, Mluguru mmoja, Patrick Kunambi, alikuwa miongoni mwa walioiasisi TANU, na mjomba hakuacha kulitaja hilo kila alipousoma ukurasa ule.

Lakini kumbukumbu zetu, na za vuli hasa, si huzuni peke yake. Tulipokuwa wadogo, baba akipata siku ya mapumziko, alituchukua kutembea juu ya mji, njia ya Morningside, tukaoga katika mto wa Morogoro ambao maji yake hukata meno kwa baridi, tukarudi jioni na maembe. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini wakaifuata taa ya chemli. Mama aliweka beseni la maji chini ya taa, nasi sita tukapiga magoti kulizunguka, tukipokonyana, na mabawa yao yakatushika mikononi na nyweleni. Asubuhi mama aliwakaanga kwa chumvi. Nyumba ya pili walikuwa na gramafoni, na sauti ya Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ilitufikia hadi kitandani. Alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, baba, ambaye hakuwa mtu wa muziki, aliagiza jina lake litiwe katika daftari. Limo hadi leo, baina ya shangazi na binamu.

Mama alifariki vuli ya mwaka 1997, mwaka wa El Nino. Aliusia azikwe kwenye ardhi ya lukolo lwake, karibu na bibi, nasi tuliondoka Mwembesongo alfajiri, tukapita Bigwa na Kiroka, na mbele ya Mkuyuni tukakuta barabara imekatwa na maji, gari haliwezi kupita. Vijana wa kijiji cha karibu, ambao hatukuwajua wala hawakutujua, waliacha majembe yao, wakavua viatu, wakalitia jeneza begani na kulivusha, maji yakiwafika mapajani, mmoja akitangulia na fimbo kupima kina. Dada aliwauliza majina yao hapo hapo penye tope. Wako tisa, nao hutajwa kila mwaka pamoja na jamaa zetu wa damu.

Vuli iliyopita mdogo wetu alikuja kutoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, iliyoanza safari za Morogoro mwaka 2024, akatumia takriban saa mbili. Dada alimsikiliza akisifu viti na mwendo, kisha akafungua daftari na kuandika chini ya jina la bibi kwamba mjukuu wake amefika kwa gari moshi jipya. Makaburini tulifyeka majani, tukafagia, tukayapanga upya mawe yaliyosogezwa na mvua. Binamu zetu wa misheni waliwasha mishumaa, wakaikinga upepo kwa viganja. Sisi tulisoma Fatiha na dua. Kisha mzee wa ukoo alichukua unga na maji, akaunyunyiza, akaita majina ya waliokuwako kabla ya bibi, tangu mama yake na mama wa mama yake, majina saba, naye alifundishwa hivyo na mjomba wake mwenyewe. Matano hatukuwa tumeyasikia kamwe. Dada aliyaandika amepiga magoti, daftari juu ya paja, na tone moja la mvua liliangukia jina la nne, likalichafua kidogo, ila lasomeka.

Bado lipo pengo moja. Katika vita ile ya mwaka 1916 ndugu mmoja wa kiume wa bibi alichukuliwa kuwa mpagazi, akaondoka upande wa Kisaki pamoja na vijana wengine wa Matombo, wala hakurudi. Daftari lina jina lake, halina kaburi lake. Iwapo yuko mzee wa Kisaki, au Mvuha, au mahali pengine po pote kusini ya hapo, aliyesikia kwa wazazi wake habari za wapagazi wa Kiluguru waliozikwa njiani mwaka ule, twamwomba kwa hisani yake afike Mwembesongo, au atutumie neno, kabla ya tarehe 2 Novemba. Tutampokea kama ndugu, na atakalolisema litaandikwa kwa jina lake.