Mahindi Yasiyopita Kwenye Mizani

Vitabu vya takwimu vinasema kwamba mwaka 1978/79 Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua takriban tani 220,000 za mahindi ya wakulima wa Tanzania. Kufikia mwaka 1983/84 zilibaki kama tani 71,000. Wako waliosoma tarakimu hizo wakasema mkulima wetu ameacha kulima.

Tuzijaribu kwa hesabu ya darasa la nne. Sensa ya mwaka 1978 ilipata watu wapatao milioni 17.5. Wagawie tani 220,000: kila mmoja anapata kilo 12 na nusu kwa mwaka mzima. Hata debe halijai! Na huo ndio tunaoambiwa ulikuwa mwaka wa neema. Kama zile tani 71,000 ndizo zingekuwa mavuno yote, tungezika watu kwa malaki.

Basi tarakimu ile ilipima nini? Ilipima yaliyopita kwenye mizani ya shirika, si yaliyotoka ardhini. Mengine yaliliwa nyumbani, na mengine, hapa ndipo penye utamu, yalisafiri usiku. Mlanguzi alilipa bei nzuri kuliko serikali, na kusafirisha zaidi ya kilo 30 bila kibali lilikuwa kosa. Baada ya msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, mkulima gani angemtajia bwana shamba idadi ya magunia yake?

Sisemi shida haikuwako. Ukame ulikuwako, mafuta ya malori yaliadimika, na mkazi wa mjini aliyepanga foleni ya sembe hakuhitaji takwimu. Lakini kupungua kwa ununuzi ni jambo moja, kupungua kwa mavuno ni jingine. La pili hutibiwa kwa mbolea na mbegu. La kwanza kwa bei.

Mwaka 1984 kile kiwango cha kilo 30 kilipandishwa hadi 500, na mwaka 1987 kikaondolewa kabisa. Mahindi yakajaa sokoni. Nadhani sehemu ya ongezeko lililosifiwa miaka ile ni magunia yaliyotoka mafichoni tu.

Njia ya kuhakiki inajulikana: chagua mashamba kwa bahati nasibu, pima kipande kwa kamba, vuna, weka mizanini papo hapo. Ni kazi ya gharama, inataka petroli na miguu. Kwa hiyo ni rahisi afisa kukadiria kwa macho akiwa garini, na shamba la kando ya barabara mara nyingi ndilo lililopaliliwa vizuri.