Kukaba au kushikilia?

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, kanuni za kukamatana mwilini huzua ubishi mwingi. Anayezieleza kwa Kiswahili atavutwa na kitenzi kukaba. Akiache. Aliyekabwa, kwetu, amebanwa koo: hapumui vizuri wala hasemi. Toleo la 2014 halikusudii hivyo hata kidogo. Mhusika aliyekamatwa mwendo wake huwa sifuri, lakini upanga bado anauzungusha, na mchawi bado anatamka maneno yake. Hapo kushikilia kunatosha kabisa. Toleo la 2024 limeongeza kwamba akimshambulia mtu mwingine asiye aliyemshika, hurusha dadu mara mbili na kuchukua namba ndogo.

Kitenzi kugandamiza tukitunze kwa hatua inayofuata, ambayo Pathfinder ya mwaka 2009, mchezo mwingine wa aina hiyo, inaieleza waziwazi: aliyegandamizwa hawezi kusogea, na uchawi unaohitaji ishara za mikono hauwezi tena. Kusema anaweza, na kujaribu kujinasua pia. Msimamizi wa mchezo akivichanganya vitenzi hivi, anamnyang'anya mchezaji zamu ambayo kanuni imempa.