Sharubu Ndefu, Watu Walewale

Sisi wapenzi wa fasihi tunajua kwamba kufupisha ni kuchagua. Mtu akikusimulia riwaya nzima kwa dakika tano, kuna wahusika amewaacha njiani, na usipojua amewaacha wapi, riwaya hujaijua. Hisabati nayo ina muhtasari wa namna hiyo, na kazi yangu ni kuwafundisha watoto wa miaka 11 hadi 13 kuusoma. Nafundisha Marekani, ambako viwango vya masomo vya mwaka 2010, vilivyopokewa na majimbo mengi, vimeuweka darasa la sita. Ni mchoro wa kisanduku na sharubu: kisanduku kilichokatwa kwa mstari mmoja, na huku na huku zimetoka sharubu mbili kama za paka.

Historia yake inaanzia kwenye foleni. Karne ya 19 huko Uingereza, Francis Galton aliona kwamba ukitaka kujua kimo cha kundi la watu, huna haja ya kumpima kila mmoja. Wapange kuanzia mfupi hadi mrefu, kisha mpime wa katikati. Akatumia pia wale wa robo ya kwanza na robo ya tatu. Hesabu nyepesi, hata kamba inatosha. Lakini Galton huyohuyo ndiye aliyebuni neno eujeniki mwaka 1883, na kwake foleni ya kimo ikageuka foleni ya thamani: nani ahimizwe kuzaa, nani asihimizwe.

Foleni ilikuja kuwa picha huku Marekani. Mwaka 1952 Mary Eleanor Spear, mchora chati wa ofisi za serikali mjini Washington, alichapisha kitabu kiitwacho Charting Statistics. Humo mna ufito unaotoka namba ndogo kabisa hadi kubwa kabisa, na sehemu nene inayoonyesha nusu ya kati. Robo karne baadaye, mwaka 1977, John Tukey wa Chuo Kikuu cha Princeton akautoa mchoro tunaoujua leo katika Exploratory Data Analysis, uchoreke kwa penseli na karatasi tu. Jina lake likabaki vitabuni. La Spear wengi hawajalisikia. Muhtasari wa historia nao huacha watu.

Hebu tuusome. Chukua wanafunzi 12 wa kubuni, na alama zao: 20, 31, 42, 48, 50, 51, 53, 55, 57, 63, 78, 95. Katikati ni kati ya 51 na 53, yaani 52. Nusu ya chini inagawanyika kwenye 45, ya juu kwenye 60. Basi kisanduku kinaanzia 45 hadi 60, mstari uko 52, sharubu moja inarudi mpaka 20, nyingine inakwenda mpaka 95.

Sasa nauliza darasani: wanafunzi wengi wako wapi? Vidole vinaelekea sharubu ya kulia, kwa kuwa ndiyo ndefu. Kumbe mle wamo watatu tu. Na kile kipande kifupi cha 45 hadi 52? Watatu vilevile. Kila kipande ni robo ya darasa. Watu watatu waliobanana kwenye kiti cha daladala na watatu waliotawanyika ufukweni, idadi ni ileile. Urefu unakuambia tu walivyoachana. Na si ujinga wa watoto: tangu wadogo tumewafundisha kwamba nguzo ndefu kwenye chati maana yake vitu vingi. Mchoro huu unawataka waliweke kando somo tulilowapa wenyewe.

Ndiyo maana sianzi na kisanduku. Naanza na vitone: kila mwanafunzi na kitone chake juu ya mstari wa namba. Tunahesabu watatu watatu, tunapiga mistari, tunachora kisanduku juu yake, na mwisho kabisa tunafuta vitone. Huko kufuta ndiko somo lenyewe. Mtoto aliyeona kitone kikifutwa hasahau kwamba kilikuwepo.

Tukey naye hakuwafuta wote. Alikuwa na aina nyingine ya mchoro: pima urefu wa kisanduku, zidisha kwa moja na nusu, na aliye mbali na kisanduku kuliko hapo achorwe peke yake. Kisanduku chetu kina urefu wa 15. Mara moja na nusu ni 22.5. Mipaka inakuwa 22.5 na 82.5. Mwenye 20 na mwenye 95 wanarudi kuwa vitone.

Galton angewaona hao kuwa mkia na kichwa cha foleni. Mimi nawaona ni maswali mawili. Huyu wa 20 siku ile aliumwa, au alikuja na njaa? Huyu wa 95 amechoka kutungojea? Mzazi akiletewa mchoro kama huu asikubali kuambiwa tu kwamba mwanawe yuko kwenye sharubu. Aulize: humo mna watoto wangapi, na wangu amesimama wapi?