Bukoba 1996, Kituku 2024: watu wahesabiwe kabla boti haijaondoka

Alimbongo, Lubero. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, watu wa ufukoni wakitazama. Vita ilikuwa imekata barabara; familia nyingi zilibakiwa na njia ya ziwa tu. Boti ilijaa kupita kiasi. Makumi ya abiria walikufa.

Kosa hilo ni la zamani. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, kwenye Ziwa Victoria. Zaidi ya watu 800 walikufa. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina, hivyo hesabu kamili haikujulikana.

Ndiyo maana mkaguzi hutakiwa kuhesabu watu na vizibao vya kuokolea. Anayekimbia vita naye aandikwe jina.