Si Ulinyooshwa?

Tukipanda matatu ya Rongai pamoja utaniona nikingoja siti ya mbele. Si maringo. Kila tuta linanifikia kiunoni, pale chini vyuma vinapoishia. Nilipasuliwa nikiwa na miaka 15. Sasa nina 27. Mgongo uliokuwa umepinda kama herufi S ukanyooshwa, fimbo mbili na skrubu zikabaki humo ndani. Nikilalamika, shangazi huniuliza kwa upole kabisa, "Lakini mwanangu, si ulinyooshwa?"

Swali lake lina umri kunishinda.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari wa mifupa Paul Harrington alikuwa Houston, Texas, akitibu watoto wa polio. Misuli ya upande mmoja ikidhoofika, mgongo huvutwa upande wa pili na mbavu zinabana mapafu. Kumfunga mtoto kama huyo plasta ya kifua kizima ni kumnyima hata ile pumzi aliyobaki nayo. Harrington akabuni fimbo ya chuma yenye ndoano mbili, moja juu ya kona, moja chini yake, na meno kwenye fimbo. Unaisukuma jino kwa jino, kama jeki ya gari, mpaka mgongo unyooke. Mwanzoni ndoano ziliteleza na vyuma vikavunjika. Ndipo akaongeza mbinu ambayo Russell Hibbs alikuwa ameitumia New York tangu 1911: kuunganisha pingili kwa vipande vya mfupa ziwe kitu kimoja. Alichapisha matokeo mwaka 1962, na kwa miaka kama 20 hivi fimbo yake ndiyo ilitawala.

Sasa sikiza. Eksirei iliyopigwa kutoka mbele ilionyesha ushindi. Lakini mtu mzima wa afya, ukimtazama kwa ubavu, hajanyooka. Kiuno kimebonyea kwa ndani, na bonde hilo ndilo linalozuia kiwiliwili kisiegemee mbele. Jeki haijui kona mbaya na kona nzuri. Chuma kilipofika chini sana, bonde lilipotea nalo. Kufikia miaka ya 1970 madaktari walikuwa wakiandika kuhusu wagonjwa wenye mgongo bapa, wanaolazimika kukunja magoti ndiyo wasimame wima, na jioni hoi kabisa. Pingili chache zilizobaki huru huko chini zilifanya kazi ya zote. Diski zake zikachakaa mapema.

Vyuma vya Wafaransa Cotrel na Dubousset, miaka ya 1980, vilijaribu kulirudisha bonde. Vyangu ni wajukuu wa hivyo. Lakini pingili zikishaungana zimeungana, na za chini bado zinabeba.

Simlaumu Harrington, wale watoto walikuwa wanakosa hewa. Nagombana na kipimo. Kona ilikuwa na digrii. Maumivu hayakuwa nazo. Na aliyepasuliwa akiwa mtoto huja kuumwa akiwa mtu mzima, faili lake lilishafungwa zamani.

Kliniki yangu ya mwisho, miaka miwili baada ya upasuaji, daktari aliinua eksirei kwenye mwanga akasema, "Safi sana." Hakuniuliza kama naumwa. Kusema kweli, wakati huo sikuwa naumwa. Nilirudi mwaka jana. Karani alitafuta faili kwa nusu saa, akaniambia nikae ningoje, kwenye benchi lisilo na mgongo.